Mtu wa Kumi kwenye Orodha

Jumatano, 2 Julai

Nimeenda tena chuoni kutazama ubao wa matangazo. Mara ya nne tangu wiki iliyopita. Leo, hatimaye, orodha ya masomo ya likizo imebandikwa. Karatasi moja, muhuri umegongwa kichwa chini. Masomo kumi na manne. Nimesoma kutoka juu hadi chini, halafu kutoka chini hadi juu. Langu ni la kumi na mbili: Didaktiki ya Jiografia, saa arobaini na tano, mwaka wa mwisho, programu ya zamani. Pembeni yake wameweka nyota. Maelezo ya nyota yako mwisho kabisa, herufi ndogo kama sisimizi: somo litafunguliwa wakipatikana wanafunzi kumi.

Hapa Kamina tunaolihitaji tuko tisa.

Miaka kumi na moja nasoma chuo hiki. Kiangazi baada ya kiangazi, kwa kuwa miezi mingine nafundisha. Somo hili moja ndilo lililobaki kati yangu na lisansi, shahada yangu. Mwaka juzi profesa hakuja. Mwaka jana hapakuwa hata na profesa wa kutokuja. Mwaka huu ndio mwisho: programu ya zamani inafungwa, na asiyemaliza ataanza upya mwaka wa kwanza, benchi moja na watoto niliowafundisha mimi mwenyewe kuchora ramani. Sitafanya hivyo. Nina miaka arobaini na saba.

Alhamisi, 3 Julai

Baridi kali asubuhi. Majivu ya nyasi zinazochomwa yameanguka juu ya nguo alizoanika mke wangu Béatrice. Amefua upya, kimya. Kimya chake nakijua.

Nimekutana na padre msimamizi wa shule zetu. Prefe wetu, mkuu wa shule, anastaafu Septemba. Padre ameniuliza lisansi inatoka lini. Nimesema Agosti. Nimesema kama mtu mwenye uhakika. Akasema kiti kinaningoja, lakini hakitaningoja sana. Kuna kijana wa Lubumbashi ana makaratasi yote. Kijana huyo hajawahi kusimama mbele ya darasa la watoto sabini. Makaratasi anayo.

Béatrice amekwisha kushona gauni la siku nitakayotetea kazi yangu. Ameshalishona tangu mwaka juzi. Liko kwenye sanduku na majani makavu ya kufukuza wadudu. Mwaka jana alilipunguza kiuno. Mwaka huu hajaligusa.

Jumamosi, 5 Julai

Tumekutana sisi tisa nyumbani kwa Feza, karibu na stesheni. Feza anafundisha msingi. Baba yake alitoka Maniema kufuata kazi ya reli, akazeeka hapa. Ana ulimi mkali na kichwa kizuri kuliko sisi wote, na yeye pia amebakiza somo hilihili.

Mimi ndiye CP, mkuu wa darasa. Kazi ya CP ni kutunza orodha, kubembeleza makatibu na kulaumiwa. Jumatatu natakiwa kupeleka majina kumi.

Wa kumi ni Numbi. Yuko Kabongo, anafundisha huko. Tumekaa benchi moja tangu mwaka wa kwanza. Mwezi wa tano alinitumia ujumbe: "Uniwekee nafasi, CP. Nakuja." Tangu hapo, kimya. Leo nimempigia mara mbili. Hapatikani. Mtandao wa Kabongo una siku zake kama mtu mwenye malaria.

Nilisita. Feza hakusita.

"Andika tu, CP. Numbi atakuya. Lini Numbi alikosa?"

Nimeandika. Pamoja na sahihi. Hapa ndivyo tunavyoishi: aliyefika anamtilia sahihi aliye njiani. Magari yanakufa, treni zinalala, watu wanazaa, watu wanazika. Bila hivyo hakuna mtu wa mbali angemaliza hata mwaka mmoja. Binti yangu Rachel alipozaliwa, Numbi alinitilia sahihi wiki nzima, na hakunikumbusha hata siku moja. Sahihi yake naijua kuliko yangu. N imelala kama mlevi, na mkia mrefu unapita chini ya jina zima.

Jumatatu, 7 Julai

Nimepeleka orodha. Katibu wa kitivo amehesabu kwa kidole, kwa sauti, kwa Kifaransa. Alipofika kumi akagonga muhuri.

Somo limefunguliwa. Nimefurahi mpaka nikajionea aibu njiani. Nimemnunulia Béatrice sabuni nzuri. Amecheka.

Jumatatu, 14 Julai

Profesa hajafika. Treni yake imekufa Luena. Kaka yake Feza yuko reli, yeye ndiye redio yetu. Jana alisema kichwa cha treni kimeharibika. Leo amesema kimepona lakini dereva anaumwa. Tumekwenda stesheni mara tatu, nguo zimepigwa pasi, tukasimama kwenye vumbi kama wakwe wanaongojea bibi harusi. Tumerudi hivyohivyo.

Nimempigia Numbi. Hapatikani. Nimemwandikia: usikimbilie, hata profesa hajafika.

Naogopa. Nalala naota ubao wa matangazo.

Alhamisi, 17 Julai

Amefika. Mtu mfupi, mafua, koti la mvua katikati ya kiangazi. Siku tano njiani, nne kati ya hizo akiwa Luena anakula mihogo ya kuchoma. Hakututukana. Alisema tu kwamba Jumatano atapanda treni ya kurudi, iwe nzima au mgonjwa.

Saa arobaini na tano, siku tano. Saa tisa kwa siku. Jumapili pia, baada ya misa. Hakuna aliyenung'unika. Angesema tusome tumesimama, tungesimama.

Numbi hayupo. Nimemkasirikia kidogo. Huwa anafika wa kwanza, na biskuti za watoto wangu mfukoni.

Ijumaa, 18 Julai

Siku ya kwanza. Chaki, kikohozi, chaki. Profesa anafundisha vizuri, hilo lazima niliandike. Amechora Lualaba ubaoni bila kutazama karatasi, kutoka Bukama mpaka maziwa, kisha akauliza: mtoto ambaye hajaona mto utamfundishaje mto? Nilitaka kulia. Swali hilo nimeishi nalo miaka ishirini na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Karatasi ya mahudhurio ilizunguka jioni. Nimetia yangu. Nimetia ya Numbi. Benchi letu nimekaa upande mmoja, nikaacha nafasi yake. Mazoea.

Jumapili, 20 Julai

Leo nusura.

Baada ya chakula profesa alisimama akatuhesabu. Sijui kilichomwingia. Akahesabu tisa. Akatazama karatasi ya jana: kumi. Akauliza nani hayupo. Darasa zima likanitazama mimi.

Nikasema Numbi yuko nje, tumbo linamsumbua.

Wakacheka. Profesa naye akacheka, akasema apewe maji yenye chumvi na sukari, tumbo la kiangazi si la kuchezea. Akaendelea na somo.

Feza alinipiga bega wakati wa kutoka. Wote walinishukuru. Naandika hili makusudi: wote.

Jumanne, 22 Julai

Tumemaliza. Saa arobaini na tano kamili. Sauti ya profesa imekwisha. Saa ya mwisho alifundisha kwa kunong'ona na kuchora.

Kabla ya kufunga akatupa zoezi la papo hapo, nusu saa, kwa maksi kumi. Asiye na zoezi haruhusiwi kwenye mtihani. Hilo hatukulijua. Nimefanya langu haraka, halafu nikageuza kalamu, nikalaza herufi, nikaandika la Numbi. Nimejaribu kujibu kama yeye: maneno machache, mifano mingi, kila kitu kinaanzia shambani.

Profesa amesahihisha palepale. Mimi sita. Numbi saba. Juu ya karatasi yake ameandika: mwalimu wa kweli.

Darasa lilicheka mpaka machozi. Mimi pia. Nimemtumia ujumbe: umenishinda tena. Mtihani ni Jumamosi tarehe mbili Agosti, mtihani sikufanyii, njoo.

Ijumaa, 25 Julai

Profesa ameondoka, maswali ameyaacha kwenye bahasha kwa dekani, mkuu wa kitivo. Nasoma. Béatrice amefungua sanduku, amelitoa gauni, amelitundika mlangoni lipate hewa. Nimepita mbele yake mara ngapi sijui.

Numbi hajajibu. Sasa nimekasirika kabisa. Mtu unamwekea nafasi, unamsomea, unamfanyia zoezi, naye hana hata dakika ya kupanda kilima kutafuta mtandao. Nitamwambia. Akifika nitamwambia yote, halafu ndipo nimpe daftari anakili.

Jumatatu, 28 Julai

Numbi amekufa.

Naandika tena nione kama litabadilika. Numbi amekufa.

Saa nne nilikuwa ofisini kwa katibu kuchukua nambari za mtihani. Akaingia mtu mwenye vumbi hadi nyusi, amenyoa kichwa. Sikumjua. Alikuwa Ilunga, mdogo wake Numbi. Alikuja kuomba makaratasi ya marehemu, mjane anayahitaji kwa ajili ya faili yake serikalini. Alidhani tunajua. Walimpa habari mfanyakazi mmoja wa treni aniletee. Hazikufika.

"Yaya Numbi alikufa le dix-neuf juin. Siku ine tu. Tumbo njo ilimumaliza."

Tarehe kumi na tisa Juni. Orodha ya masomo ilikuwa haijabandikwa. Nilipoandika jina lake kwa Feza alikuwa na siku kumi na sita ardhini. Nilimwambia asikimbilie. Profesa alisema apewe maji. Nilisema tumbo linamsumbua, na watu wakacheka.

Katibu hakulia wala hakutoa pole. Alivuta faili. Akaweka mezani karatasi tano za mahudhurio, moja baada ya moja. Kisha zoezi. Saba juu ya kumi. Akaliweka karibu na barua ya kifo aliyoileta Ilunga, kidole kwenye sahihi.

"CP, basi huyu njo nani alisinye?"

Ilunga alilichukua lile zoezi akalisoma. Alilisoma lote, midomo inatembea. Akasema mwandiko unafanana. Kisha akaniangalia, na nikaona anaelewa polepole, na sikuwa na mahali pa kuweka uso.

Jumanne, 29 Julai

Sijala. Béatrice amelia sana, alimpenda Numbi. Mimi machozi hayatoki. Nina kitu kingine kifuani na nakijua jina. Siku arobaini. Sikuwahi kumuuliza mtu yeyote wa Kabongo: Numbi yuko wapi? Pikipiki za Kabongo zinashuka kila siku pale sokoni. Ilitosha kuvuka barabara. Sikuvuka, kwa sababu kwenye karatasi alikuwepo. Kila jioni nilimwona hapo, na mkia wake chini ya jina. Karatasi ilinitosha.

Mchana tumeitwa kwa dekani, wote tisa. Amesema maneno machache. Kumtilia sahihi mgonjwa, kitivo kinajua na kinafumba macho. Kumtilia maiti, na kumfanyia zoezi, hapana. Jambo hilo likifika juu atafukuzwa yeye dekani. Kwa hiyo mambo ni mawili. Ama somo linafutwa kwa wote. Ama aliyefanya anajulikana, anaondolewa, na somo linabaki.

Nikadhani hapo hesabu itatushinda sote, maana bila Numbi tulikuwa tisa, na tisa hawakutosha kufungua somo. Dekani akasema kilichofunguliwa kimefunguliwa.

Basi. Tisa hatukutosha kuanza. Nane watatosha kumaliza.

Jumatano, 30 Julai

Nilikuwa nimeamua tangu jana ofisini. Nani mwingine? Mkono ni wangu. Niliamka mapema nikavaa shati safi, nikaenda kwa Feza niwaambie.

Walikuwa wamekwisha kukusanyika. Wote nane. Mezani palikuwa na barua, imepigwa chapa. "Sisi wanafunzi tuliotajwa hapa chini hatukujua." Hatukujua. Nafasi za sahihi nane zilikuwa zimejaa. Chini yake nafasi ya tisa, peke yake: aliyefanya, na jina langu.

Kiti nilipewa. Chai nilipewa. Hakuna aliyenitukana, na ningependa mmoja anitukane. Mzee mmoja kati yetu, ambaye anastaafu mwaka ujao, alikuwa anatazama ukuta. Feza peke yake ndiye aliyesema.

"CP, tuko na batoto. Weye pia uko na batoto, minyi najua. Lakini tufanye namna gani?"

Hapakuwa na namna. Nimetia sahihi. Yangu, kwa mkono wangu, polepole, kila herufi mahali pake. Chai sikuinywa.

Nimeipeleka mwenyewe kwa katibu. Alivuta mstari juu ya jina langu kwenye orodha ya mtihani kwa rula. Alitafuta rula kwanza. Mstari ulinyooka vizuri sana.

Nimepita kwa padre, nimwambie kabla hajasikia. Amenisikiliza hadi mwisho. Akasema atamwandikia yule kijana wa Lubumbashi. Akaniuliza kama nahitaji kuungama. Nikasema nimeungama mara mbili tangu asubuhi na sijasikia nafuu.

Nyumbani gauni halipo mlangoni. Limerudi kwenye sanduku. Hakuna mtu aliyemwambia Béatrice. Aliniona tu nikiingia. Nilimwambia nataka kwenda Kabongo kesho. Akasema:

"Enda. Ulichelewa kuenda."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekutajia saa.

Miaka kumi na moja. Naikokotoa kichwani kama mjinga: viangazi kumi na kimoja. Béatrice alikuwa msichana. Prefe wa kwanza amekwisha kufa. Rachel alikuwa hajazaliwa, sasa ananisahihisha Kifaransa. Na mwisho wake ni mstari wa rula. Sina neno kubwa la kuweka hapa. Nimechoka. Nimekwisha.

Alhamisi, 31 Julai

Pikipiki tangu alfajiri. Dereva hasemi, nashukuru. Mchanga, daraja la magogo, mchanga. Pande zote nyasi nyeusi zilizoungua. Baiskeli za makaa zinasukumwa na watu walioinama. Tumeanguka mara moja, si vibaya.

Njiani nilijiuliza Numbi alikuwa anafika vipi kila kiangazi, wa kwanza, na biskuti hazijavunjika. Sikuwahi kumuuliza.

Kabongo, jua linazama. Ilunga amenipokea. Amenipa maji ya kuoga, ugali wa bukari na samaki. Mjane sijamwona, alikuwa kwa mama yake. Nalala kwenye chumba chenye vitabu vya Numbi. Madaftari yetu ya mwaka wa kwanza yako juu ya kabati, yamefunikwa na gazeti yasipate vumbi.

Ijumaa, 1 Agosti

Sikukuu ya wazazi. Asubuhi mji wote umekwenda makaburini na majembe na mafagio, kama kila mwaka. Familia zinafagia wafu wao, halafu zinarudi nyumbani kula. Nimekwenda na watu wa Numbi. Watoto wake wanne. Mkubwa wa kike ana paji lake la uso kabisa.

Kaburi bado ni udongo mwekundu, halijapata hata saruji. Msalaba wa mbao. Jina limeandikwa kwa rangi nyeupe, na tarehe. Nilitazama tarehe ile kwa muda mrefu. Wote walidhani nasali.

Nimepewa jembe. Nimepalilia mpaka mikono ikatoka malengelenge. Hapakuwa na magugu mengi, kaburi jipya. Nimepalilia palipokuwa safi. Mtu mmoja aliniambia inatosha, nikaendelea.

Hapo ndipo nililia. Vibaya, kwa sauti, kamasi, mbele ya watoto. Binti mkubwa aliniletea kitambaa, akasimama karibu yangu mpaka nikamaliza. Nilitaka kumwambia: nilimkalia baba yako mahali pake siku tano na sikumuuliza mtu. Sikumwambia. Ni mtoto.

Jumamosi, 2 Agosti

Saa mbili asubuhi. Kamina sasa hivi wanafungua bahasha. Darasa lilelile, madirisha ya upande wa reli. Nimetazama saa mpaka sindano ikapita. Ilipita tu.

Mama Ngoie, mjane, alikuja kuketi nami ukumbini. Nguo nyeusi, kichwa kimenyolewa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu njiani. Nikamwambia yote. Orodha, sahihi, tumbo, zoezi, mstari wa rula. Sikuacha kitu, hata kicheko. Nikamwomba msamaha.

Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na daftari la shule, jalada la bluu. Daftari la kilio. Hapa kila anayekuja kulia msiba anaandikwa jina na anatia sahihi, ili familia ijue siku zijazo nani alisimama nao. Akafunua ukurasa wa tatu, akaweka kidole.

Jina langu. Monga, mwalimu, Kamina. Tarehe ishirini na moja Juni. Na sahihi pembeni, imejaribiwa kwa uangalifu, si yangu.

"Bantu baliuliza: rafiki yake ya Kamina iko wapi? Nikasema iko hapa, bengine habamuone tu. Njo nikakuandika, juu basimucheke Papa Numbi. Nikajua ungekuwa na habari ungekuya."

Nilitazama ile M yangu. Ameikunja kama ninavyoikunja mimi. Lazima alichukua barua zangu za zamani akajifunzia, siku ya tatu ya kilio, nyumba imejaa watu.

Akaniuliza kama nataka kutia sahihi yangu mwenyewe, ya kweli. Akanipa kalamu. Niliishika. Chini ya jina langu kulikuwa na majina mengine, na chini ya hayo mengine, mpaka mwisho wa ukurasa. Hapakuwa na nafasi.

Nimemrudishia daftari na kalamu. Nimesema asante, mama. Akaenda kuweka sufuria motoni.

Ilunga anapasua kuni nyuma ya nyumba. Nimetoka kumsaidia.